Niliyemwita Wodini

Sista mkuu wa wodi ya wanawake alikuwa mama wa Kiiraqw kutoka Mbulu, mfupi, mikono minene, mkali kama pilipili. Soksi zako zikiteremka angeweza kukusamehe. Kofia ikikaa upande angekurekebishia mwenyewe. Lakini ukimtundikia mgonjwa chupa ya damu bila kumuuliza jina lake, siku hiyo ungetamani ungebaki kwenu ukapalilia maharage.

Swali lenyewe lilikuwa na namna yake. Hatukuruhusiwa kusema, "Wewe ndiye fulani?" Sista mkuu alisema mtu mwenye homa huitikia jina lolote, hata ukimwita kwa jina la mbuzi wake. Ilibidi umuulize anaitwa nani, kisha unyamaze. Usimsaidie, usimkonyeze. Akishalitaja, unatazama karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Vikilingana, unaendelea. Asipojibu, unarudi nyuma hadi katikati ya wodi, unaliita lile jina kwa sauti, na unatazama ni kichwa gani kinachogeuka. Asiyejibu hatundikiwi. Hilo ndilo lilikuwa neno lake, nasi tulikuwa tukimwigiza bwenini kwa sauti yake ya puani mpaka tunashika mbavu. Wodini hatukucheka. Maji yakimwagika hayazoleki, na damu ikishaingia kwenye mshipa wa mtu asiyehusika hakuna wa kuirudisha kwenye chupa.

Nasema habari za mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika hospitali moja ya huku Karatu, wakati tulipokuwa bado chini ya wilaya ya Mbulu. Ilikuwa miaka ya uhaba. Mipira ya dripu tuliichemsha na kuitumia tena. Sindano tulizinoa kwenye jiwe dogo, kisha tukazipitisha kwenye pamba kuona kama ncha inanasa, kwa sababu sindano inayonasa pamba hunasa na nyama. Chupa zilikuwa za kioo na damu tuliitoa kwa ndugu za mgonjwa wenyewe. Friji lilitumia mafuta ya taa, likitoa moshi mwingi kuliko baridi. Mimi nilikuwa nesi kijana, mzaliwa wa Daa, mwenye hasira za karibu. Bado ninazo. Umri umenipunguzia magoti tu.

Mwezi wa saba ukungu wa msitu wa kreta ya Ngorongoro ulikuwa ukiteremka mpaka kwetu na kukaa. Uliingia wodini bila hodi, kupitia kioo kilichovunjika tulichokiziba kwa boksi. Saa nane mchana ungeweza kusimama mlangoni usimwone mgonjwa wa kitanda cha mwisho, ukamsikia tu akikohoa. Blanketi zilikuwa na unyevu. Sikuupenda ukungu ule hata kidogo. Nilikuwa nikiufanyia mzaha, nikiuita uvivu wa jua, lakini ukweli ni kwamba niliuogopa tangu utoto.

Katika siku hizo aliletwa mwanamke wa Kimaasai kutoka upande wa Oloipiri. Alikuwa amejifungua nyumbani, damu ikakataa kusimama, wakampakia kwenye lori la ngozi na kupita naye Ngorongoro mpaka kwetu. Alikuja na mama mkwe wake, aliyekuwa amembeba mtoto mchanga ndani ya shuka kifuani. Mtoto alikuwa mzima, analia vizuri. Mama yake alikuwa mweupe midomo na kucha, lakini akili zilikuwa zake. Nilimpokea mimi. Nilimuuliza jina akalitaja bila kusita, na hata akatabasamu kidogo, kwa sababu mama mkwe alieleza kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba ni jina la bibi yake mzaa baba. Nikaliandika. Tukamlaza kwenye kitanda cha dirishani, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi. Shanga zilimjaa shingoni na masikioni, na nakiri kwamba nilizikumbuka shanga kuliko uso.

Daktari alifaulu kuisimamisha damu. Akasema bila kuongezwa damu hatafika mbali. Bwana maabara alichukua damu ya mgonjwa akaipima, akapekua friji, hakukuwa na chupa inayomfaa. Tukamwekea maji ya chumvi na kusubiri ndugu. Kesho yake asubuhi akaja kaka yake, morani mrefu aliyesoma shule ya msingi mpaka akamaliza, mwenye Kiswahili safi. Alikuwa amepata lifti kwenye gari la watalii. Alinyoosha mkono, akapimwa, damu yake ikalingana na ya dada yake, ikatolewa. Bwana maabara akabandika jina la mgonjwa kwenye chupa kama ilivyotakiwa. Kaka akapewa chai, akaenda kumwona dada yake, na mimi nikaendelea na kazi zangu upande mwingine.

Kumbe alikuja na mambo mawili. Damu tuliiona. Habari aliyobeba hakuna aliyemuuliza.

Baada ya chakula cha mchana nikapewa ile chupa. Niliiacha kwanza nje ya friji ipungue ubaridi, kisha nikaifunga kwenye kitambaa na kuingia nayo wodini. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka taa tulikuwa tumeziwasha. Nikaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha dirishani. Alikuwepo mwanamke wa Kimaasai, mchanga, amejifungua juzi, ana shanga shingoni na masikioni, anatetemeka kwa homa. Nikasimamisha karibu stendi ya kutundikia chupa. Nikamuuliza anaitwa nani.

Akataja jina jingine.

Nikamuuliza tena, akalitaja lile lile, na mkono wake alikuwa ameshaunyoosha niufunge mpira. Angekubali chochote, maskini. Huyu alikuwa wa kutoka Loliondo, na damu yake ilikuwa mbali na ile iliyokuwa mkononi mwangu. Asubuhi wale wawili walikuwa wamebadilishana vitanda bila kutuuliza, yule wa Loliondo akitaka hewa na mwenzake akikimbia baridi. Nikageukia kitanda cha pili.

Pale palikuwa na mwanamke nisiyemfahamu. Hakuwa na ushanga hata mmoja. Masikio yalikuwa matupu, yananing'inia, na shingoni palikuwa na ngozi laini iliyokuwa haijaona jua kwa miaka. Macho yalikuwa yametazama dari. Mama mkwe alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kitanda, mtoto kifuani, na shanga za yule aliyelala zilikuwa mapajani mwake zimekunjwa kwenye kitambaa. Nikamuuliza yule aliyelala anaitwa nani. Kimya. Nikarudia. Alinisikia, kwa sababu kope zilicheza, lakini alifunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa.

Hasira zikanipanda. Chupa ilikuwa mkononi, inazidi kupata joto, na damu si uji wa kurudishwa jikoni. Nikafanya kama tulivyofundishwa. Nikarudi hadi katikati ya wodi, nikaliita lile jina kwa sauti ya kufika mwisho. Nikasubiri. Nikaliita mara ya pili, kwa sauti zaidi, na ya tatu.

Hakuna kichwa kilichogeuka. Vichwa viliinama. Wanawake wote wa Kimaasai waliokuwa wodini, wagonjwa na waliokuja kuuguza, waliinamisha nyuso zao kwa pamoja, na mama mkwe akauziba uso wa mtoto kwa kiganja. Ndipo yule asiye na shanga akasema, taratibu, bila kunitazama:

"Huyo hayupo. Amekufa."

Nikasimama palepale. Sikujua nimeshika chupa ya nani.

Kisha mlango wa mwisho wa wodi, ule wa barazani, ukafunguka. Upepo, nilijiambia. Ukungu ukaingia chini chini, sakafuni. Na wale waliokuwa wamekaa chini kando ya vitanda, miguu yao imenyooka kwenye njia, wakaanza kuikunja. Wa kwanza karibu na mlango. Akafuata wa pili. Akafuata anayemfuatia. Waliikunja mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kwa adabu, kama watu wanavyompisha mtu mzima anayepita. Ikaendelea hivyo mpaka ikafika kwenye kitanda cha yule mwanamke, ikakoma. Hata mwanamke wa Kiiraqw aliyekuja kumuuguza binti yake, jirani yetu kabisa kule nyumbani, asiyejua neno la Kimaasai, naye alikunja miguu. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Alisema hajui, aliona tu anazuia njia.

Mimi sikuona mtu. Niliogopa, nikaogopa sana, na kwa kuwa mimi nikiogopa hugomba, nikatoka nje nikigomba.

Sista mkuu nilimkuta anahesabu mashuka. Nikamweleza kwamba kuna mgonjwa amekataa jina, kwamba anasema amekufa, kwamba watu hawa wana mambo ya ajabu. Aliichukua chupa kutoka mkononi mwangu, akaisoma, akaja nayo wodini, akamuuliza mwenyewe. Akajibiwa vilevile. Nikatazamia kwamba sasa atamgombeza. Akavuta stuli, akakaa, akaagiza kaka mtu aitwe.

Morani akasimama mlangoni, akikwepa kuingia, akatueleza kwa sauti ya chini. Bibi yao alikuwa amefariki usiku uleule lori lilipoondoka. Kwao mtu akifa huondoka na jina lake. Halitajwi, na aliyekuwa akilitumia pamoja naye katika ukoo hulivua, kama dada yake alivyovua shanga. Habari alikuwa amemwambia dada yake alipoingia kumwona. Hakuwa amejua kwamba jina limeandikwa kwenye chupa. Sijui kama Wamaasai wote wangesema kama alivyosema mama mkwe baada ya hapo. Nasimulia nilichokisikia. Yule mama alizungumza akinielekezea kidevu mimi, na kijana akatafsiri akitazama sakafu.

"Anasema chupa ina jina la bibi. Wewe umemwita mara tatu aje. Amekuja kuchukua chake."

Hapo yule mgonjwa aliuingiza mkono wake chini ya blanketi. Alikuwa amedhoofika mno, lakini mkono ule aliuficha kwa nguvu iliyobaki. Damu ile ikimwingia, alisema, atakuwa amempokonya bibi yake akiwa amesimama pale. Haitaki. Afadhali afe.

Nilimtazama. Kucha zake zilikuwa rangi ya nta. Mapigo yake nilikuwa nimeyashika muda mfupi uliopita, yalikuwa yakikimbia membamba chini ya kidole. Mtoto wake alikuwa ananyonya vidole vyake mwenyewe kifuani kwa mama mkwe. Na mkombozi wake alikuwa pale, kwenye chupa ya kioo, umbali wa mkono. Nilitaka kulia kwa hasira. Nikamwambia Sista mkuu tumshike, tumfunge mkono, tumwekee kwa nguvu, akipona atatushukuru.

Akanitazama kama nimetukana.

"Tangu lini tukamtundikia mtu chupa yenye jina la mwingine?" akasema. "Nimekufundisha nini?"

Nikasema damu ni ya huyuhuyu, tunajua sote. Akasema yeye hajui. Anachojua ni kwamba karatasi inasema jina moja na mgonjwa amelikana mbele ya wodi nzima, na kwamba dakika chache nyuma nilikuwa karibu kufunga mpira kwenye mkono wa mwanamke wa dirishani. Hilo nilikuwa sijamwambia. Alikuwa amekwisha kuona stendi ilipo. Halafu akamgeukia kaka mtu, akamwambia kwa upole nisioujua kwamba naye hataitundika chupa ile ilivyo, wasihofu. Hata kulikwangua jina na kuandika jingine juu hakubali. Mgonjwa apewe jina. Bwana maabara aje achukue damu yake upya kwa jina hilo, ailinganishe upya na ya kaka, na akiona zinapatana ndipo abandike karatasi mpya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona sheria ya wodini na mwiko wa watu wa porini vinakubaliana, na hakuna aliyenishirikisha.

Mama mkwe na kijana wakanong'onezana. Jina likapatikana. Bwana maabara akaja na sindano yake ndogo, akachukua, akaenda. Maji ya chumvi yakaendelea kudondoka. Lakini mkono wa pili ulibaki chini ya blanketi, na mama mkwe akawa hajamaliza. Akaninyooshea kidevu tena. Kijana akasita kutafsiri, Sista mkuu akamhimiza. Alisema karatasi mpya haitoshi. Aliyeitwa bado amesimama. Hamwezi kumwita mzee wa watu kutoka mbali, mkamwacha kitandani pa mgonjwa kama anayemngoja. Aliyemwita ndiye amrudishe.

Nikasema mimi ni Mkristo, sizungumzi na wafu.

"Mkristo hana adabu?" Sista mkuu akaniuliza. "Umemwita bibi wa watu. Nenda kamwombe radhi, mgonjwa anaisha."

Ndiyo, mgonjwa alikuwa anaisha. Pumzi zake zilikuwa fupi, na macho yameanza kuzama. Kwa hiyo nikaenda. Nilitembea katikati ya wodi kuelekea mlango wa barazani, polepole, nikijiona mjinga, na hata hivyo nilipita upande mmoja wa njia, nikiacha nafasi. Sikujua ninamwachia nani. Nyuma yangu nikasikia miguu ikikunjwa tena, mmoja baada ya mwingine, nguo zikikwaruza sakafu. Sikugeuka. Kwa dhahabu nisingegeuka.

Barazani ukungu ulikuwa umefunga hadi kwenye nguzo. Ua hauonekani, jiko la wauguzaji halionekani. Nikashuka ngazi moja, ili niwe nimemsindikiza. Nikaona nianze kama ninavyomwanzia mzee yeyote wa Kimaasai anayeingia hospitalini. Nikatoa salamu ya kumsalimia mwanamke.

"Takwenya."

Nikanyamaza, kama mtu anavyonyamaza akingoja kuitikiwa. Kisha nikasema kwa Kiswahili kwamba ninaomba radhi. Nilikuita kwa kazi, bibi, si kwa dharau. Niliyekuwa nikimtaka ni mjukuu wako, naye sasa ana jina lake. Hakuna chako kilichobaki humu. Nenda salama. Nilisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, mikono nyuma, na nilipomaliza nikainamisha kichwa kidogo. Nikarudi ndani, nikafunga mlango na kusukuma komeo.

Bwana maabara alikuwa amerudi. Damu zilikuwa zimepatana, karatasi mpya ilikuwa bado mbichi kwa gundi. Sista mkuu akanipa chupa mimi, hakumpa mwingine. Nikasimama kando ya kitanda, nikamuuliza yule mwanamke anaitwa nani. Akachukua muda. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa analitamka. Akalitaja polepole, silabi kwa silabi, na kila mtu wodini akainua uso. Nikatazama chupa. Lilikuwa ndilo.

Alipona. Nataka lijulikane hilo, kwa sababu wengi wa miaka ile hawakupona. Alikaa kwetu mpaka alipoweza kutembea mwenyewe kwenda bombani, akaondoka na mtoto mgongoni na shanga zake kwenye kitambaa, na kaka yake akatuletea maziwa kwenye kibuyu, ambayo Sista mkuu aliyanywa karibu yote.

Lakini mchana ule, nilipokuwa nimepiga magoti namtafuta mshipa, mkono bado ulikuwa mgumu. Mishipa ilikuwa imejificha, na mtu aliyejikaza huwezi kuipata. Akageuza uso akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alikitafuta neno kwa neno.

"Ulimsalimia?"

Nikasema ndiyo, nilimsalimia.

"Akaitika?"

Wamaasai wanawake wakisalimiwa vile huitika kwa neno moja fupi, nilikuwa nalisikia kila siku hospitalini. Nikamwambia hapana, hakuitika, hakukuwa na mtu, amekwenda zake. Akafumba macho. Mkono ukalegea, mshipa ukainuka chini ya kidole changu, sindano ikaingia bila kunasa, na damu ya kaka yake ikaanza kushuka tone kwa tone. Nilikaa naye mpaka chupa ikaisha. Nilivuta stuli hadi pembeni, mgongo nikauegemeza ukutani, uso nikauelekeza kwenye mlango wa barazani, na sikuondoa macho yangu kwenye lile komeo, kwa sababu aliitika.